Dawa ya Mzazi ni Amana: Ni Nani Mwenye Haki ya Kuichagua?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Wabaadu.

Ndugu msomaji, mas-ala ninayotaka kuyazungumza nawe leo si mageni majumbani mwetu, ingawa ni nadra kuzungumzwa hadharani, kwani yamefungamana na mambo ya wanawake ambayo kwa desturi yetu husitiriwa. Sitara ni jambo jema. Lakini sitara ikiwa ndiyo inayoficha maradhi mpaka yakaua, basi ni wajibu kusema, na kusema kwa adabu. Suala lenyewe ni hili: mwanamke aliyejifungua akishikwa na homa, ni nani mwenye haki ya kumchagulia dawa? Na yule aliyemchagulia kwa nia njema bila ya ujuzi, kisha mzazi akadhurika, ana dhamana gani mbele ya Mola wake?

Nitakueleza kwanza jambo lililonifanya niyafikiri haya, nalo limo ndani yake kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita alinijia kijana mmoja niliyemsomesha chuoni tangu alif. Ilikuwa baada ya sala ya Isha. Mkewe alikuwa na siku ya sita tangu ajifungue mtoto wao wa kwanza. Akaniuliza, "Mwalimu, damu ya mke wangu imegeuka rangi na inatoa harufu mbaya. Je, hii bado ni nifasi?" Nikamjibu kama nilivyosoma kwa masheikh zangu: kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi nifasi aghlabu yake ni siku arubaini, na ukomo wake ni siku sitini, na kugeuka rangi au harufu hakuitoi katika hukumu hiyo, basi asisali wala asifunge mpaka atwahirike. Jawabu ilikuwa sahihi kitabuni. Kijana akanibusu mkono, akenda zake. Wala sikumuuliza, "Mwanangu, na hali yake je? Ana homa?"

Baadaye ndipo nilipojua kwamba yule mwanamke alikuwa na homa ya kutetemeka tangu siku ya tatu. Mama yake mzazi, aliyekuja kumtunza, alikuwa na kapsuli zilizobaki nyumbani, ambazo mwanawe mwingine alipewa alipoumwa na jino. Akampa mbili asubuhi na mbili jioni. Homa ikapungua kwa siku moja, na nyumba nzima ikashukuru. Kisha ikarudi kwa nguvu. Wakanunua dukani vidonge vingine sita, vya rangi nyengine, kwa kuwa ndivyo fedha zilivyotosha. Siku ya tisa tumbo likawa gumu, akawa anasema maneno yasiyofahamika, ndipo wakamchukua hospitali. Madaktari walijitahidi usiku kucha. Alfajiri akafariki, na baada ya Adhuhuri tukamzika.

Katika siku za matanga yule mama aliniita. Alikaa nyuma ya pazia na wanawake wenziwe, akasema, "Shekhe, watu wote wananifariji kwamba mwanangu ni shahidi, nami nashukuru. Lakini mimi niliyempa zile dawa, nina deni?" Sikuwa na la kumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe muda.

Basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu, tuanze na maradhi yenyewe, kwani mtu hawezi kutoa hukumu juu ya kitu asichokijua.

Maradhi haya ni homa ya uzazi. Mtoto anapozaliwa na kondo la nyuma likatoka, mahali kondo lilipokuwa limeshika hubaki kama kidonda kibichi ndani ya kizazi, na njia ya kizazi huwa iko wazi. Vijidudu huweza kupanda na kuingia katika kidonda hicho. Pengine hutoka katika mikono isiyooshwa au vyombo visivyochemshwa, na pengine ni vile vijidudu ambavyo kwa kawaida hukaa katika mwili wa mwanamke bila ya kumdhuru, mpaka vikapata njia. Hatari huzidi pale uchungu unapokuwa mrefu, chupa ya maji ikapasuka mapema, kipande cha kondo kikabaki ndani, au mtoto akatolewa kwa upasuaji. Maradhi yakisha kuingia katika damu, hukimbia mwilini kwa saa, wala hayangoji siku. Mpaka leo homa hii ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowaua wazazi duniani, pamoja na kutoka damu nyingi na shindikizo la damu. Madaktari huhesabu muda wa hatari kuwa siku 42 tangu kujifungua. Tazama jinsi walivyokaribiana na wazee wetu, waliomwekea mzazi siku arubaini za kutunzwa na kuangaliwa!

Umma nyengine nao waliwahi kuonja uchungu huu, na katika habari zao mna mazingatio. Katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, nchini Austria, palikuwa na wodi mbili za kuzalishia. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, na ya pili ya wakunga. La ajabu ni kwamba wazazi walikuwa wakifa zaidi katika wodi ya madaktari. Daktari mmoja, jina lake Ignaz Semmelweis, akachunguza akaona kwamba wenziwe hutoka katika chumba cha kupasulia maiti wakenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mwezi wa Mei 1847 akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikufa wazazi kiasi cha 18 katika kila 100 wodini humo. Mwezi wa Juni wakashuka hadi kiasi cha wawili katika kila 100. Juu ya hayo, wakubwa wengi wa utabibu walimkataa, na mwaka 1865 akafa kabla ya watu kumkubali. Kwa nini walimkataa? Kwa sababu maana ya maneno yake ilikuwa kwamba mikono yao wenyewe, iliyonyoshwa kwa nia ya kuponya, ndiyo iliyokuwa ikiua. Na hakuna jambo zito kwa nafsi ya mwanadamu kuliko kuambiwa kwamba wema wake umedhuru.

Dawa za kuua vijidudu zilikuja baadaye. Mwaka 1936 daktari Leonard Colebrook wa London alionyesha kwamba dawa ya prontosil, iliyofanyiwa uchunguzi Ujerumani na Gerhard Domagk, inaweza kuwaokoa wazazi wenye homa hii. Katika miaka ya 1940 ikaenea penisilini, kisha zikafuatana nyengine nyingi ambazo leo tunaziita antibiotiki. Hii ni neema kubwa ya Mwenyezi Mungu juu ya waja wake. Lakini kila neema ina haki zake, na neema isiyopewa haki yake hugeuka kuwa balaa.

Sasa tuangalie jinsi mjuzi anavyochagua dawa, ili tutambue kwamba kuchagua ni elimu na si bahati nasibu.

Kwanza, mjuzi huuliza: homa hii inatoka wapi? Mzazi anaweza kuwa na homa kwa ajili ya kizazi, au ziwa lililovimba, au njia ya mkojo, au kidonda cha upasuaji, au kifua, au malaria. Kila moja ina tiba yake. Mwenye kumpa kapsuli kabla ya kumchunguza ni kama kadhi anayekata hukumu kabla ya kusikiliza shahidi.

Pili, ikithibiti kwamba ni kizazi, mjuzi anajua kwamba vijidudu vilivyomo mara nyingi si vya aina moja. Vimo vinavyohitaji hewa na vimo vinavyoishi pasipo hewa, na dawa inayoua hivi huenda isiviguse vile. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza dawa mbili pamoja, klindamaisini na jentamaisini, ili moja ikamilishe upungufu wa nyengine. Pale ambapo klindamaisini haipatikani, madaktari huzoea kuchanganya ampisilini, jentamaisini na metronidazoli. Dawa hizi hutiwa kwa sindano ndani ya mshipa, hospitalini, na huendelea mpaka mzazi akae siku moja au mbili bila ya homa. Basi utaona, ndugu yangu, kwamba kapsuli mbili za jino hazikuwa na uwezo wa kuifanya kazi hii. Zilichoweza ni kuitia homa usingizi kwa siku moja, wakati maradhi yanaendelea ndani.

Tatu, mjuzi hupima kiasi. Jentamaisini hupimwa kwa uzito wa mwili, na ikizidi huweza kuharibu figo na masikio. Penisilini na jamii yake huwadhuru baadhi ya watu vibaya sana, hata kuwaua, kwa hivyo ni lazima aulizwe mgonjwa kama aliwahi kudhurika nayo. Na mzazi ananyonyesha. Dawa anayopewa yeye huenda ikamfikia na mtoto.

Nne, mjuzi anajua mahali ambapo dawa peke yake haitoshi. Kipande cha kondo kikibaki ndani lazima kitolewe, na usaha ukijikusanya lazima uondolewe. Mtu anaweza kumeza sanduku zima la vidonge na chanzo cha maradhi kikawa bado kimekaa mahali pake.

Tano, mjuzi anajua pia wakati wa kutokutoa dawa. Wako watu wanaowapa wazazi kapsuli ati kwa kujikinga tu, ingawa wamejifungua salama na hawana homa wala maumivu. Shirika hilo hilo la Afya halipendekezi jambo hili kwa mzazi aliyejifungua njia ya kawaida bila ya matatizo. Kwa mwanamke anayepasuliwa, dawa hutolewa kabla ya kukatwa. Na aliyechanika vibaya, au aliyetolewa kondo kwa mkono, naye hupewa. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wanawake zaidi ya 29,000 katika nchi saba, miongoni mwao Kenya, Kongo na Zambia, walionuia kuzaa njia ya kawaida. Waliopewa dozi moja ya azithromaisini wakati wa uchungu walipatwa kidogo zaidi na maradhi ya vijidudu kuingia katika damu au kifo: 1.6 katika kila 100, na wasiopewa 2.4. Hiyo ni faida. Lakini dozi hiyo ilitolewa na watu wa kazi hiyo, kwa kipimo na kwa wakati wake, wala haiwi hoja ya mtu kufungua kabati lake nyumbani akachagua.

Pengine utasema: "Hata daktari naye hukisia, maana huanza dawa kabla ya majibu ya maabara." Naam, ni kweli. Kuotesha damu au usaha ili vijidudu vijulikane huchukua siku kadhaa, na mgonjwa hawezi kungoja. Hivyo daktari huanza na dawa inayogusa aina nyingi, na majibu yakija huigeuza ikibidi. Lakini hapa pana tofauti ambayo mwanafunzi wa fiq-hi anaifahamu mara moja. Mujtahidi aliyetimiza masharti hujitahidi, na akikosea hapotezi malipo yake, kwa sababu aliupita mlango uliofunguliwa kwa ajili yake. Ama asiyekuwa na elimu, hata akipatia amekwisha kosa, kwa sababu alisema juu ya jambo asilolijua. Dhana ya mjuzi ina misingi yake, na dhana ya asiyejua ni kubahatisha tu. Zote huitwa dhana, lakini hazina hukumu moja.

Na dini yetu imelieleza jambo hili wazi. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mtu anayejitia utabibu, na hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni dhamini, maana yake ni kwamba akidhuru atabeba. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Na ulamaa wamesema kwamba tabibu mjuzi, akitibu kwa idhini na akafuata kanuni za kazi yake, hana dhamana juu ya matokeo, kwani matokeo yamo mikononi mwa Mungu. Kinachomtenga huyu na yule si nia, kwa kuwa wote wawili wanataka mgonjwa apone. Kinachowatenga ni elimu.

Kisha kumbuka kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akalala akaota, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alighadhibika, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, akasema kwamba walipokuwa hawajui walipasa kuuliza, kwani dawa ya ujinga ni kuuliza. Wale hawakuwa maadui zake. Walikuwa wenziwe, na walidhani wanailinda ibada yake. Nami kila nikisoma kisa hiki huikumbuka baraza yangu na yule kijana.

Wala si jambo jipya kwa Waislamu kumzuia asiyejua. Mjini Baghdad, mwaka 319 wa Hijra, yaani 931, mtu mmoja alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asiruhusiwe mtu yeyote kutibu mpaka apimwe na tabibu wake mkuu, Sinan bin Thabit. Wakapimwa zaidi ya watu 800 katika mji mmoja. Na muhtasibu wa soko alikuwa akiwaangalia wauza dawa kama anavyoangalia mizani ya wauza nyama. Leo mwenye duka la dawa anayetoa vidonge sita kwa kuwa mteja ana fedha za vidonge sita, bila ya cheti na bila ya kuuliza, naye pia ajue kwamba amo katika dhamana hii. Akimwambia mteja, "Mgonjwa wako hafai kidonge, mpeleke hospitali," atapoteza faida kidogo, na huenda akaiokoa roho.

Sasa tuzijibu hoja ambazo husemwa majumbani.

Wako wanaosema: "Mzazi akifa ni shahidi, na ajali haina kinga." Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwanamke anayekufa kwa uzazi miongoni mwa mashahidi. Lakini katika maneno yake hayo hayo amemhesabu pia aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo. Je, yuko mzazi anayemwona mwanawe anazama baharini, naye ana ngalawa, akakaa pwani kwa kuwa atakuwa shahidi? Je, fundi aliyejenga ukuta mbovu husamehewa kwa kuwa walioangukiwa wamepata daraja? Daraja ya shahidi ni malipo yake yeye kwa Mola wake. Sisi tuliobaki hatukupewa udhuru ndani yake.

Wako wanaosema: "Tumemsomea, tumempa kombe, tumemtegemea Mungu." Kusoma Kur'ani na kuomba dua ni kheri, wala mimi siwezi kuyakataza, nami mwenyewe husoma. Lakini Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wajitibu, akaeleza kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa isipokuwa ameuteremshia dawa, ila uzee. Basi msomee akiwa ndani ya gari la kwenda hospitali, na umwombee akiwa kitandani pa hospitali. Kisomo hakikuletwa ili kimfunge mgonjwa nyumbani.

Wako wanaosema: "Ni aibu mke wangu kuangaliwa na daktari mwanamume." Aangaliwe na daktari mwanamke au mkunga ikiwa yuko, na hilo ndilo bora. Asipopatikana, sharia imeruhusu tabibu mwanamume aangalie kwa kadiri ya haja, akiwapo mahram au mtu wa kuaminika. Kuihifadhi nafsi ni miongoni mwa mambo matano ambayo sharia nzima imekuja kuyalinda. Wala mzazi mwenye homa asiwekwe kungojea ruhusa ya mume aliye safarini, au mjomba mpaka atoke kazini. Mume mwenye akili huitoa ruhusa hiyo siku mimba inapojulikana, akamwambia mkewe na mama mkwe: likitokea lolote, msiningoje.

Wako wanaosema: "Hatuna uwezo." Hoja hii ni nzito kuliko zote, nami siidharau. Lakini sisi mtaani hatushindwi kuchangia pilau ya hitima siku tatu. Mchele na mbuzi wa matanga ya yule binti vilitoka mikononi mwetu kwa siku moja, bila ya mtu kuombwa mara mbili. Lau tungechanga siku ya nne ya homa yake, tusingalichanga siku ya kumi. Basi kila mtaa na kila msikiti uwe na mfuko mdogo wa gari na dawa za mzazi, kwani sadaka anayoila mgonjwa ni aula kuliko sadaka wanayoila waliotoka kumzika.

Liko jambo jengine katika hizi dawa zinazobaki, ambalo wengi hawalizingatii. Dawa ya vijidudu ikitumiwa nusu nusu, au mahali pasipo pake, huua vijidudu dhaifu na kuviacha vyenye nguvu. Hivi vilivyobaki huzaana, huzoea dawa, na huambukiza watu wengine. Kesho mzazi wa jirani akipatwa na homa, daktari atampa dawa ile ile na isimsaidie kitu. Kwa hivyo anayemeza kapsuli mbili leo na mbili kuziweka kabatini hajidhuru nafsi yake tu. Anachukua haki ya wazazi asiowajua, na wengine wao hawajazaliwa bado. Na msingi wa dini yetu ni kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe. Maji ya kisima cha waqfu ni ya wote, na mwenye kuyatia uchafu hawezi kusema kwamba ndoo ilikuwa yake.

Ndugu msomaji, na wewe mama unayesomewa makala haya, shikeni mambo haya machache. Mzazi akiwa na homa ya kiasi cha digrii 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, au tumbo la chini likimuuma na likazidi kumuuma, au damu yake ikitoa harufu mbaya au usaha, au moyo ukienda mbio na pumzi zikawa fupi, au akawa haelewi asemalo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Msimpe dawa iliyobaki kwa mtu mwengine. Ikiwa ameshapewa kitu, mwambieni daktari ni nini na kiasi gani, wala msifiche kwa kuona haya. Semeni pia kama ananyonyesha, na kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Akipewa dawa za kumalizia nyumbani, azimalize kama alivyoelekezwa, hata akijiona amepona. Na anayemhudumia aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa. Ama kumkanda, uji na ukanda, endeleeni kwa upole kama wazee walivyotuachia. Lakini kwa mwenye homa, visiwe sababu ya kuchelewa.

Narudi kwa yule mama. Nilikwenda kwake kabla ya arubaini ya mwanawe kwisha. Nilimwambia kwamba Mungu anaijua nia yake, na nia hiyo haikupotea. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kusema kuwa zile kapsuli ndizo zilizomuua, kwa kuwa hilo halijui ila Mungu, kisha wenye elimu ya utabibu. Na mambo ya dia na kafara yana wenyewe wa kuyahukumu, hayahukumiwi barazani. Lakini nia njema haikumwondolea mtu wajibu wa kuuliza, na siku zile tatu zilipotea mikononi mwetu. Nikasema "mikononi mwetu" kwa kukusudia, kwa maana mimi niliulizwa juu ya harufu ile, nikajibu juu ya sala, na mwenye mwili nikamsahau. Akalia, kisha akaniuliza afanye nini. Nikamwambia aombe maghufira, nami niombe, na kila nyumba atakayoitwa kwenye uzazi awaeleze yaliyompata. Kwa miaka iliyofuata, mpaka Mungu alipomchukua, yule mama alikuwa wa kwanza mtaani petu kusema, "Mpelekeni!" Nami tangu siku hiyo, kijana akija kuniuliza juu ya nifasi ya mkewe, humuuliza kwanza juu ya afya yake.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliokosea kwa kutojua, utupe unyenyekevu wa kuuliza, uwarehemu wazazi waliotangulia, na uwalinde walio katika arubaini zao pamoja na watoto wao. Amin.

Wabillahi taufiq.